Fimbo ya Kupimia

Mdogo wangu alikuwa anaogopa mamba. Nianze na hilo, kwa sababu msibani hakuna aliyelisema. Nilikaa kwenye mkeka siku tatu nikiwasikiliza watu wazima, wenye akili zao, wakiambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Haina, sawa. Ila hii haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi yetu sisi, tuliianza mapema na tukaifanya kwa bidii mpaka ikaisha.

Tulikulia ufukweni upande wa Magu, nyumba ya mwisho kabla ya matete na maji. Kwa kuogopa tulikuwa hodari. Tuliogopa mamba na kiboko. Tuliogopa fisi, ambaye kwetu hakuwa mnyama tu, alikuwa usafiri wa wachawi. Mvua ikianza kunguruma Mama alifunika kioo kwa kanga na kumvua mtoto yeyote aliyevaa nyekundu, eti radi inafuata rangi. Kwenda kuchota maji kulikuwa na utaratibu wake: mmoja anaingia na ndoo, mwingine anapanda juu ya jabali na kukodolea macho ziwa, mawe mkononi, tayari kupiga kelele. Mdogo wangu ndiye alikuwa mlinzi bora. Hakupepesa. Katika miaka yangu yote pale mamba alichukua mbuzi wawili, na mtu mmoja ng'ambo ya ghuba ambaye habari zake tulizipata kwa mtu aliyesimuliwa na mtu.

Konokono hakuna aliyewaogopa. Walikuwa wadogo kama punje ya mahindi, wameganda kwenye majani ya pembeni, na sisi tuliwabandua tukawachezea. Tulisimama maji ya magoti tukimtafuta mamba kwa mbali, na muda huohuo vijidudu vya kichocho vilivyotoka kwa konokono hao vilikuwa vinatuingia miguuni bila hodi. Watoto wote tuliumwa tumbo. Wengine walitoa damu chooni wakanyamaza, maana hata wenzao walikuwa wanatoa. Ukimwambia mtu mzima anakujibu kwamba ndiyo maisha ya ziwani.

Nikiwa darasa la tatu na yeye la pili, watu wa afya walikuja shuleni. Walileta makopo ya vidonge vyeupe, vikubwa, vichungu, na walileta fimbo. Fimbo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ulikuwa ubao mrefu mwembamba uliochorwa mistari. Mtoto anasimama wima, ubao unawekwa pembeni yake, na mstari unaogusa utosi ndio unaosema apewe vidonge viwili, viwili na nusu au vitatu. Hakukuwa na mizani, na kwa kweli ilikuwa akili nzuri tu ya mtu anayetaka kuhudumia shule nzima kabla ya saa nane.

Sasa, kijijini kwetu fimbo ya kumpima mtu ina kazi moja. Mtu akifa, mzee wa ukoo anaingia ndani na fito, anailaza ubavuni mwa marehemu, anaikata usawa wa nyayo, kisha anawapelekea wachimba kaburi. Mtu hai hapimwi. Niliwahi kujilaza sakafuni sambamba na mpini wa jembe, mchezo wa kitoto, na nikachapwa kwa mpini huohuo.

Mdogo wangu alipoiona ile fimbo alitoka kwenye mstari na kukimbia hadi shambani kwa Mama. Baada ya muda nikamwona Mama anakuja kiwanjani na jembe begani, ametoka moja kwa moja shambani, mtoto kamshika mkono. Alimwendea mwalimu mkuu, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini wanangu hawajafa." Wazazi wengine waliosikia nao wakaja kuchukua wa kwao. Mstari ukabaki na watoto wachache wasio na mtu wa kuwafuata.

Mimi sikuwepo kwenye mstari. Nilikuwa nimeshapita. Shule ilikuwa imepika uji ili vidonge visitupe kizunguzungu, uji wenye sukari, na mimi kwa uji wenye sukari ningekubali kupimwa hata na sepetu. Mama alipofika nilikuwa nyuma ya jiko la shule na vidonge vitatu tumboni, nakwangua kikombe kwa kidole.

Nyumbani aliniuliza, "Na wewe wamekupima?"

"Hapana, Mama. Nilijificha chooni."

Akanisifu. Akamwambia mdogo wangu aige akili za dada yake, na jioni ile nikapewa kichwa cha sato, ambacho kwetu hapewi mtoto hivihivi. Nilikila chote huku najua nakufa. Kwa sababu na mimi niliamini, msidhani nilikuwa mjanja kuliko wao. Siku ya kwanza nilisubiri kufa. Siku ya pili nikasubiri. Ya tatu nikachoka kusubiri, nikaenda kuruka kamba. Wiki chache baadaye nikagundua tumbo langu limeacha kuuma, na hilo nalo sikumwambia mtu.

Wale watu walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Kila walipokuja mdogo wangu alibakizwa nyumbani achunge mbuzi, na mimi, niliyeaminiwa kwamba najua kujificha, nilikwenda, nikapimwa, nikanywa uji, nikameza, nikarudi na uongo wangu. Yeye alikuwa mtoto mtiifu. Kila mzazi hutamani mtoto wa namna ile.

Tulipokua nilihamia mjini, Mkolani, nina cherehani na kibaraza, nashona sare za shule. Yeye aliingia Kirumba akapata kazi ya kuosha pikipiki na malori ufukweni, suruali imekunjwa, miguu ndani ya maji kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Hofu zake alihama nazo. Alimweka mwenzake mmoja atazame mamba, pale mjini, kwenye kelele zile ambazo mamba mwenye akili asingezisogelea. Hakupanda mtumbwi. Ndege alikuwa amekataa kuipanda ingawa hakuna aliyewahi kumwalika. Akipanda basi alikaa nyuma ya dereva, maana dereva huokoa upande wake kwanza. Nilikuwa namcheka. Naye ananijibu, "Cheka tu, Dada. Tutaona nani atamzika mwenzake."

Tumbo lake lilipoanza kujaa wenzake walimwita bosi, wakasema huo ni unene wa mjini. Unene gani wa mtu mwenye mikono kama vijiti? Nilimgusa ubavu wa kushoto nikakuta pagumu. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hospitali ukienda mzima wanakutafutia ugonjwa. Nikampigia Mama simu anisaidie, na nikaambulia karipio: "Unamtakia nini mwenzio? Usimchurie!" Kutaja ugonjwa ni uchuro. Kuuacha ukue hadi uonekane kwa nje ya shati, huo si uchuro. Nilinyamaza, na kwa kunyamaza nina uzoefu.

Asubuhi moja alikunywa chai kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na sehemu ya kuoshea, mama mtu mzima aliyezoea kumwekea maandazi ya moto hata akichelewa. Hajamaliza kikombe akatapika damu. Damu nyingi, ya kujaza beseni. Kabla ya saa sita eneo zima lilikuwa na jibu: amewekewa sumu. Hakuna aliyeuliza la tumbo. Damu ilikata yenyewe, kama inavyokata wakati mwingine, na Mama alipofika kutoka Magu hakutaka kusikia habari za daktari. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mama, tumpeleke kwanza akapimwe." Akanisukuma kwa kiwiko. Akampeleka kwa mganga.

Siku kumi na mbili. Mganga alisema anamwona mwanamke mwenye kitu cha moto kwenye kikombe. Hodari kweli! Hata mimi ningemwona, kila mtu alikuwa ameshamsimulia. Vijana wakaenda wakapindua birika la yule mama, wakang'oa mabati ya kibanda chake, na wale aliokuwa akiwanywesha chai kila siku walisimama pembeni wakitazama. Mdogo wangu alikuwa hatapiki tena, kwa hiyo watu wakasema dawa imekubali. Siku ya kumi na tatu akatapika mara mbili ya ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipoacha kuomba ruhusa. Nilimbeba na dereva wa bajaji nisiyemjua, na Mama alipojaribu kushika mlango nilimtoa mkono. Sijawahi kumfanyia Mama hivyo, na laiti ningemfanyia mapema.

Daktari alikuwa msichana, umri wangu. Alichora ini kwenye karatasi, akachora mishipa inayoelekea kooni, imevimba. "Ni kichocho," akasema. "Cha miaka mingi. Ini limekakamaa, damu inakosa njia, inapasukia huku juu." Kisha akauliza, bila kunilaumu, kama mtu anayejaza fomu, "Shuleni hakuwahi kumeza vidonge?"

Nikamwambia hakuwahi. Nikamuuliza kama kumeza mara moja kungemsaidia. Akasema mara moja haitoshi, mtu akirudi majini anaambukizwa tena, ndiyo maana wanagawa kila mwaka.

Kila mwaka. Hata yeye hakujua amenipiga wapi.

Jioni mdogo wangu alipata nguvu kidogo, akataka kujua nani kamfanyia. Macho yake yalikuwa ya njano. Nilimwambia hakuna mtu, ni wale konokono wa nyumbani, wale tuliokuwa tunawabandua kwenye majani. Alinitazama aone kama natania.

"Konokono, Dada?"

"Konokono."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Yaani mamba wote wale nimewakwepa," akasema, "nimalizwe na konokono?" Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, tukacheka wote wawili, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Alifariki kesho yake kabla ya saa nne.

Tukamrudisha nyumbani. Mzee wa ukoo akaingia na fito, akailaza ubavuni mwake taratibu, akaikata usawa wa nyayo. Safari hii hakuna aliyetoka shambani na jembe kuja kuzuia. Nilitaka kuinyakua niivunje vipandevipande juu ya goti mbele yao wote. Sikuinyakua. Nilikaa na akina mama nikaitikia nyimbo, na nje wanaume walikuwa wanajadili kwamba mwaka huu mamba wamezidi, serikali iwapunguze.

Siku ya tatu, watu walipotawanyika, tulibaki mimi na Mama tunaosha masufuria. Alikuwa bado anamlaani yule mama wa chai, anamtaja mama yake, anautaja uzao wake. Mwanamke wa watu alikuwa ameshahama Kirumba na birika lake lililobonyea, na hadi leo nimemtafuta sijampata. Nikaweka sufuria chini.

"Mama," nikasema, "hakuna sumu. Ni kichocho. Ni ile dawa ya fimbo aliyoikosa."

"Usiniletee mambo ya fimbo kwenye msiba wangu."

"Mimi niliimeza."

Akaendelea kusugua. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Nikamwambia yote, uji, jiko la shule, kile kichwa cha sato. Nilikuwa na hasira, nilitaka imuume. Nilitaka ajue kwamba mtoto wake muongo yuko hai na mtiifu yuko ardhini, na kwamba aliyemzuia asirudi kwenye mstari ni yeye.

Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria. "Kila mwaka?" akauliza.

"Kila mwaka."

"Ukapimwa, ukameza, na hukufa."

"Sikufa."

Akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa kofi. Hakulia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichapa, Mama."

"Ningekuchapa," akasema. "Ningekuchapa sana. Halafu kesho yake ningekuona unaruka kamba, na mwenzio ningemrudisha shuleni mimi mwenyewe."