Lesi Nyeupe Ndani ya Boksi la Baiskeli

Nawasimulia huku sijui nitalala wapi leo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mafiga, na mke wangu ni fundi cherehani; tunafanyia kazi chumba kimoja. Juzi mteja aliyekuja kuendesha baiskeli huko milima ya Uluguru aliniomba nimfungashie baiskeli yake, arudi nayo Mwanza kwa ndege. Nikajigamba kwamba kazi hiyo naiweza. Nikang'oa magurudumu na pedeli, nikageuza usukani, nikaiingiza kwenye boksi. Bado ikawa inachezacheza. Chini ya cherehani nikaona mfuko wa vipande vyeupe, nikadhani ni mabaki, nikavizungushia kwenye fremu na mnyororo wenye grisi. Mteja akaondoka ananisifu.

Leo bibi harusi anayeshonewa na mke wangu amekuja na mama yake kujaribu gauni. Harusi ni Jumamosi.

"Baba Neema, umeiona lesi niliyoikata? Ilikuwa kwenye mfuko hapa chini," mke wangu akaniuliza.

"Labda panya," nikasema. Mimi, mtu mzima!

Wakaanza kutafuta. Bibi harusi akapiga magoti akachungulia chini ya kabati, nami nikajifanya natafuta pamoja nao. Simu yangu ikaita mezani. Mke wangu akaiwahi. Ilikuwa simu ya video.

"Shemeji, mwambie fundi asante, baiskeli haina hata mchubuko!" mteja akashangilia, huku akiinua kipande cha lesi kilicholowa grisi. "Haya matambaa niyatupe?"

Bibi harusi akaketi sakafuni. Mke wangu akanigeukia.