Sikumwambia, Nilimsihi

Wenzake kwenye kiwanda cha udobi walimpachika jina Bi Siyo, kwa kuwa neno lake la kwanza halikuwa la mwisho. Akisema jua kali, ataongeza: siyo kali, linababua. Miaka kumi na tisa alipiga pasi mashuka ya hoteli akijisahihisha hivyo, na watu wakicheka.

Siku aliyosimama mbele ya hakimu hapakuwa na wa kucheka. Tangi la maji moto lilikuwa limepasuka na kumuunguza wifi yake mikono yote miwili, na msimamizi alikuwa ameapa kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kuwa linavuja. Shahidi pekee alikuwa Bi Siyo. Asubuhi ile binti yake alimwomba sana ajibu kwa neno moja moja.

Wakili wa kampuni akamuuliza kama alimwambia msimamizi.

"Nilimwambia," akasema. Neno akaliona jepesi mno, ulimi ukamponyoka. "Siyo, sikumwambia. Nilimsihi."

Wakili akageuka taratibu, kama paka aliyesikia panya, akaomba karani asome neno aliloandika baada ya "siyo". Karani akasoma: sikumwambia. Wifi, mikono imefungwa bandeji, akainamisha uso.

"Kwa hiyo hukumwambia," wakili akasema.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamtaka shahidi achague moja. Bi Siyo akashika ukingo wa kizimba.

"Mheshimiwa, mimi nikilikana neno langu, si kwamba ni la uongo. Ni kwamba halitoshi. Kumwambia, nilimwambia Jumatatu. Jumatano nikamshika mkono, nikampeleka mpaka kwenye tangi, nikakiweka kiganja chake pale panapovuja. Akakiondoa upesi, akasema linavumilika. Sasa huko ni kumwambia tu?"

Msimamizi, ambaye muda wote alimkodolea macho wakili wake, akakitazama kiganja chake. Hakimu akamwona. Akamwagiza karani aandike maelezo yote, kuanzia Jumatatu.

Walipotoka, wifi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba nusura amuue kwa hofu. Bi Siyo akaomba wakae kwanza kwenye ngazi.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu, ikawatwika lawama msimamizi pamoja na kampuni. Mkono wa kushoto wa wifi ulipona. Wa kulia, mpaka leo vidole havikunjiki.