Wali wa Koko Michiko

Chai ya kijani ikimwagwa juu ya wali wa moto hutoa harufu ya majani yaliyonyeshewa. Nikiinusa hata leo, narudi Louisville, nina miaka tisa, nimesimama mlangoni kwa jirani nikichungulia bakuli lake.

Jirani mwenyewe alikuwa mjane wa Kijapani aliyeishi chini yetu. Tulimwita Koko Michiko, maana kwetu Bukavu koko ni bibi. Jioni hiyo nilikuwa nimemrudishia sufuria, nikamkuta anamimina chai juu ya wali, chai isiyo na sukari wala maziwa. Nikatoa macho. Sasa hiyo unaitafuna au unainywa? Akainua bakuli mdomoni, akafanya yote mawili.

Nilipanda ngazi mbio kumwambia mama, aliyekuwa akivaa viatu vya kazi.

“Donc hana hata mboga,” alisema, uso umemwanguka. “Atatufia hapo chini, na sisi huku tunashiba.”

Kwetu humuulizi mtu kama ana njaa. Ni kumvua nguo. Unampelekea chakula, unasema kimebaki. Basi mama akawa anapika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nyingi makusudi, na kila alipoondoka kwenda zamu ya jioni ghalani, badala ya kujifungia ndani peke yangu kama zamani, nilishuka na sahani. Nikasema kwa Kiingereza changu cha shule kwamba imebaki. Koko Michiko aliipokea kwa mikono miwili, akala taratibu mno, jani kwa jani, na mimi akanipa bakuli dogo la wali wake. Ulikuwa na uchungu kidogo, na samaki wa chumvi aliyejificha chini. Niliupenda kabla sijauelewa. Sahani yake ilikuwa haiishi mpaka tusikie gari la mama.

Miaka baadaye, nikisoma chuo Columbus, Mjapani mmoja wa darasani aliniambia kwamba kwao wali ule mara nyingi huliwa mwishoni, mtu akiwa ameshakula chakula chake. Nikampigia mama simu papo hapo. Alicheka sana.

“Bon,” akasema. “Kumbe alikuwa ameshiba, na bado alikula mpaka nirudi. Nami niliona haya kumwomba akae na mtoto wangu.”