Chai Niliyoitema Matulo

Fyuuu, halafu ting! Mlio huo bado ninao masikioni, mwanangu. Ni wa bwana mmoja mnunuzi wa chai kule Kibomet, Kitale. Alikuwa anavuta chai kwa kelele kutoka kwenye kijiko, anaizungusha mdomoni, kisha anaitema kwenye ndoo ya bati na kutaja alama. Mimi nilikuwa msichana wake wa kuosha vikombe. Nilikuwa nimefika darasa la nne tu, lakini kwa kuota ndoto nilikuwa hodari: nilijiona siku moja nami natema chai, watu wamenyamaza kunisikiliza.

Krismasi moja nikarudi nyumbani Matulo. Akina mama wa kanisa walikuwa wanachagua chai ya kuwapa wageni siku ya kufungua kanisa jipya. Kila mmoja alileta sufuria na kiungo chake: mchaichai, tangawizi, hata majani ya mpera. Senge, dada ya baba yangu, akanisukuma mbele.

"Huyu ametoka Kitale, bana. Acheni atupe alama."

Nikaanza na Kukhu, nyanya wa jirani, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote. Alionja kwanza yeye, kama ilivyo kwetu, ili mgeni anywe bila hofu. Kisha akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Fyuuu. Nikazungusha. Nikatema kwenye karai.

"Tano kwa kumi," nikasema, nikaiandika kwenye daftari langu. "Ina moshi."

Mama mmoja akaweka kikombe chake chini, polepole. Unajua, mwanangu, kwetu mtoto akitema alichopewa na mzee amesema neno moja tu: hapa kuna sumu. Na Kukhu alikuwa mjane, mzaliwa wa mlimani Elgon, na tayari watu walikuwa wananong'ona kwamba ni mchawi.

Yeye akacheka. "Mnangoja nianguke? Basi leteni kiti, nianguke vizuri." Akachukua kikombe changu akakimaliza. Lakini alipokirudisha hakunitazama usoni. Niliona hilo.

Senge akanivuta sikio. "Ati tano kwa kumi! Si umemwita mchawi mbele ya kanisa zima?"

Nikapiga magoti, machozi hayo. "Kukhu, nisamehe. Kitale wanatema hata chai nzuri. Niongezee."

Akanimiminia. Safari hii nikameza, na jamani! Ule moshi ulikuwa wa kibuyu alichokisugua kwa mkaa kabla ya kutia maziwa. Nyuma ya moshi kulikuwa na asali ya mlimani, na nyuma ya asali kitu baridi kama asubuhi, jani ambalo hakuwahi kunitajia. Nimeonja chai nyingi tangu hapo, sijapata nyingine kama ile. Nikanywa cha pili, cha tatu, wote wakiniangalia. Senge akanyoosha kikombe chake. Wengine wakafuata. Yule mama aliyeweka kikombe chini alikuja mwisho, na ndiye aliyeomba aongezewe.

Kukhu akavuta funda moja, akanipulizia matone viganjani, namna wazee wetu wanavyobariki. "Ulimi unao," akasema. "Sasa tafuta macho."

Basi, mwanangu, wewe umesoma kunishinda, na utapewa vingi uvipime. Kabla ya kutaja alama, mwangalie aliyekukaribisha, na ujue kwake kutema ni nini. Meza kwanza. Ukiona kasoro, mwambie mwenyewe mkiwa wawili. Nami nakupulizia viganjani: mdomo wako usimpunguzie mtu jina, na popote utakapofika upate wa kukumiminia.

Mchana ule, akina mama walipokwenda zao, nilibaki peke yangu jikoni kwa Kukhu. Nikachana ule ukurasa wa alama kwenye daftari langu, nikausukuma chini ya sufuria yake. Moto ukaushika. Nikakaa nikingoja maji yachemke.