Masimango ya Shangazi Gaudiose

Tusi hulitoa yeyote, hata mlevi wa njiani. Masimango huyatoa aliyekupa kitu. Kinyarwanda wanasema gucyurira, na wazee wa hapa Biryogo, Kigali, wanalitoa neno hilo kwenye gucyura, kurudisha ng'ombe nyumbani jioni: anayekusimanga anakurudishia wema wake wote, mmoja mmoja, mpaka unakanyaga samadi.

Gaudiose, muuza maandazi, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mwaka 1993 vita vilipowatimua watu wa Byumba, Nyiramana, binti wa kaka yake, alimkimbilia. Alimpokea, siwezi kumnyima hilo. Ila kila sahani ya maharage ilikuja na hotuba.

"Kula, mwanangu. Kwenu wanakula risasi."

Nyiramana alimeza yote, kwa sababu Mutsinzi, seremala wa Gisozi, alitaka kumuoa. Akiolewa, ametoka.

Posa ya kwetu ni mchezo wa maneno. Msemaji wa upande wa binti hujifanya anakataa, anazua visa, watu wanacheka, mwisho anakubali. Kaka yake Gaudiose alikuwa hajulikani aliko, basi sisi majirani tukamshauri amwite Mzee Bizimana, msemaji wa posa wa mtaa, aseme.

"Nimnyweshe pombe kwa maneno ambayo hata mimi iko nayo?"

Akasimama mwenyewe.

Ami yake Mutsinzi akaanza: "Mama, tumesikia hapa iko ua zuri. Tupeni."

"Ua? Gugu hilo! Lilikuja bila viatu."

Wageni wakacheka, wakapiga makofi.

"Linamaliza sufuria nzima!"

Wakacheka zaidi. Makofi yakampanda kichwani.

"Chupi aliyovaa ni yangu. Chawa nilimtoa mimi, kwa mikono hii. Na mpaka leo anakojoa kitandani akiota mabomu!"

Nyiramana alikuwa nyuma ya pazia, akingoja kuitwa kama desturi. Pazia halikutikisika.

Ami akavaa kofia. "Mama, utani tunaujua. Huu siyo."

Wakabeba kreti zao za bia. Mutsinzi akawafuata, hakugeuka.

"Kwani nimesema uongo?" Gaudiose akatuuliza, na kweli alikuwa haelewi.

Nyiramana akatoka, akapita katikati ya viti. "Naenda Nyacyonga, kambini, kwa watu wa kwetu."

"Nenda! Na hicho kitenge nani alikununulia?"

Akakifungua, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti. Akaondoka na shimizi, mchana kweupe, watu wakitazama.

Kesho yake Gaudiose alikuwa amekivaa, anakaanga maandazi.