Ankara Zilizokwenda Mara Mbili

Nimefundisha madrasa hapa kijijini, upande wa Iguguno, kwa muda mrefu, na somo la hasadi nimelirudia mara nyingi. Kumbe nilikuwa nalifundisha bila kulijua vizuri. Nililijua asubuhi moja katika ofisi ya mradi wetu wa maji.

Programu inayotuma ankara za maji kwenye simu za watu nilikuwa naiangalia mimi. Nilistaafu posta, kompyuta haikunitisha, na nywila ya kuingilia kwenye paneli ya tovuti yake, ule ukurasa wa kuiendeshea, ilikuwa katika daftari langu peke yake. Kisha paneli ikaanza kuonya kwamba toleo letu la programu limezeeka na litaacha kufanya kazi. Nikaahirisha mwezi baada ya mwezi, nikisema tuwe na subira. Kwa kweli niliogopa. Mwenyekiti wa mradi akachoka, akamwita mama mmoja mhasibu aliyerudi nyumbani kutoka Dodoma.

"Shikamoo Maalim," alisema, akapokea daftari langu kwa mikono miwili.

"Marahaba."

Hata hali ya nyumbani sikumuuliza.

Alianza kwa kuchukua nakala ya akiba ya mafaili na kumbukumbu zote, akaiweka kwenye flashi, kisha akaifungua kuhakikisha inasomeka. Nakala mimi nilikuwa nachukua, ila sikuwahi kufungua hata moja. Halafu akatengeneza tovuti ya pili, pacha wa ile ya kwanza, ili toleo jipya lijaribiwe huko kabla ya kugusa ya kweli.

"Mwone mtu aliyesoma," mwenyekiti alisema. "Maalim, wewe ungekuwa bado unapiga dua."

"Dua nayo ni kazi."

Tukacheka, lakini kifuani palikuwa panawaka.

Ndipo nikaona kosa. Yule pacha, mama alimwekea ratiba ya kujiendesha kila saa, ili ajue kama ratiba nayo inafanya kazi, lakini hakuzima utumaji wa ujumbe. Namba za simu za kijiji kizima zilikuwa humo. Ikifika saa nne, kila nyumba ingepokea ankara ileile mara ya pili, na lawama zingekuwa zake. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika nane. Yeye na mwenyekiti walikuwa wanainuka kwenda kunywa chai.

Nilijua kwa sababu nami niliwahi kulifanya kosa hilo. Mwaka juzi nilitengeneza nakala kama ile, watu wakapata ankara mbili, wengine wakalipa zote, nami nikawaambia ni mtandao. Kumwonya kulikuwa kujifichua. Kunyamaza kulikuwa rahisi, ningekaa tu hapo, mzee mwenye subira zake. Nikashika tasbihi mfukoni. Punje kama kumi zilipita kabla sijagundua kwamba simtaji Mungu, nahesabu dakika.

"Mama, usitoke. Zima ujumbe kwanza kwenye hiyo nakala."

Akarudi kukaa, akatazama, mkono ukaenda mdomoni. Akazima.

"Umejuaje, Maalim?"

"Zile ankara za mwaka juzi zilizokwenda mara mbili. Haukuwa mtandao. Nilikuwa mimi."



"Mimi niliwapigia watu wa mtandao nikawagombeza mpaka salio likaisha," mwenyekiti alisema. "Vocha yangu utairudisha."

"Nitairudisha."

"Na Ijumaa utawaambia watu mwenyewe."

Niliwaambia, baada ya swala, nikiwa nimesimama. Wengine waliguna, wengine wakacheka.

Toleo jipya lilipita salama kwa pacha, kisha kwenye tovuti ya kweli, na ankara za mwezi uliofuata zikaenda mara moja. Yule mama ameandika hatua zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Ya kwanza ni kuchukua nakala ya akiba na kuifungua. Ya pili ni kuzima ujumbe kwenye nakala, na pembeni ameandika kwamba hiyo imetoka kwa Maalim.

Namshukuru Mungu kwa zile dakika nane. Wivu haujaisha wote. Nikimwona anafungua paneli kwa nywila mpya, ambayo mimi sinayo, bado kuna kitu kinanichoma. Namwitikia shikamoo yake, kisha namuuliza hali ya nyumbani.