Rufaa Niliyoiandika Mwenyewe

Nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu katika shule yetu ya kata, kwenye vilima vya Kondoa, na kwa sababu hiyo netiboli nikapewa mimi. Sikuwahi kuicheza vizuri. Somo langu ni jiografia. Lakini mkuu wa shule alisema wazazi hawatakubali mabinti zao wafundishwe mazoezi na mwanamume, basi, faili la michezo likahamia mezani kwangu.

Uwanja wetu ulikuwa mchanga na changarawe. Magoli yalichomelewa na fundi wa mageti pale sokoni, ambaye hakuwahi kuliona goli la netiboli maishani mwake, na ringi zikatoka finyu kuliko kipimo. Hatukuwa na namna ya kuzirekebisha. Wasichana wakajifunzia hapo hapo, na siku walipokwenda kucheza kwenye viwanja vya watu wakaona magoli mapana kama karai.

Mfungaji wetu aliingia kidato cha kwanza akiwa tayari ananizidi kimo. Baba yake alilima mahindi na alizeti ng'ambo ya korongo. Kila alfajiri, kabla ya shule, binti alishuka korongoni kufukua maji kwenye mchanga, akapanda nayo kichwani, ndipo akavaa sare. Hakuwa msemaji. Akishindwa kupata neno la Kiswahili alitia la Kirangi, wenzake wakamcheka, naye akacheka nao. Hesabu alizipenda kuliko kitu chochote. Mwalimu wa hesabu aliniambia mara kadhaa, "Yule usimchoshe na mpira wako."

Mwaka alipokuwa kidato cha pili tulifika mashindano ya mkoa Dodoma kwa mara ya kwanza. Tulilala darasani juu ya mikeka, tukala ugali na maharage, mchana na jioni. Kwenye jengo la pili ilifikia shule ya binafsi ya nje kidogo ya mji. Walikuja na basi lao, magodoro yao, mpishi wao na muuguzi wao. Asubuhi wasichana wangu walisimama dirishani kuwatazama wenzao wakila mayai. Sikuwakataza. Ningewaambia nini?

Tulikutana nao nusu fainali. Robo tatu za mchezo tulikwenda nao bega kwa bega, mfungaji wetu akitia kila mpira uliomfikia. Robo ya mwisho miguu ikaisha. Wao walibadilisha wachezaji watatu kwa mpigo, wote wenye nguvu mpya, na mimi kwenye benchi nilikuwa na wawili, mmoja anaumwa tumbo. Tulifungwa. Mechi ilipokwisha, mwalimu wao wa michezo alinijia ametabasamu.

"Hongera, mwalimu. Yule mrefu wenu yuko kidato cha ngapi?"

Nilimjibu bila kufikiri. Nilijisikia nimesifiwa mimi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, gari lao lilipanda mpaka kwetu. Walikwenda kwanza nyumbani kwa binti, ndipo wakaja shuleni na baba yake. Wakasema watamsomesha bure mpaka amalize kidato cha nne, atalala bweni, kuna maabara, kuna walimu wa kila somo. Baba alikaa kwenye kiti cha mbao ofisini, kofia yake mkononi, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mimi sijui mambo ya shule. Wewe ndiye unayemjua mtoto. Unasemaje?"

Nilijua kwa nini wamemfuata. Nilijua kwamba katika kidato chake palikuwa na wasichana wawili wanaomkaribia kwa hesabu na hakuna gari lililowafuata. Lakini pia nilijua kwamba sisi mwalimu wa fizikia hatukuwa naye tangu mwaka wa jana.

"Mpeleke, mzee," nikasema. "Nafasi kama hii haiji mara mbili."

Mkuu wa shule hakufurahi, lakini alipiga muhuri. Fomu ya uhamisho niliijaza kwa mkono wangu, tarehe nikaiandika mwenyewe, na nakala nikaiweka kwenye faili la michezo kwa mazoea ya kuweka kila karatasi.

Nitasema ukweli kuhusu wale waliobaki. Walilia siku moja, kesho yake wakaja mazoezini. Niliyemweka kufunga alikuwa mfupi, akawa anabaki peke yake kila jioni akirusha mpira mpaka giza linaingia. Tukashinda tena wilaya, na mwezi wa sita tukarudi Dodoma.

Jioni ya kwanza kambini yule binti aliyehama alinijia. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa raba nyeupe na ushungi mpya wa rangi ya shule yake.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri. Nina kitanda changu." Kisha akauliza, "Bibi mzima? Mguu wake umepona?"

Nikamwambia bibi yake mzima, mguu unamsumbua bado. Nikamuuliza masomo. Akasema maabara ni nzuri sana, ila wachezaji wanafanya mazoezi asubuhi na jioni, na usiku anasinzia juu ya daftari. Alisema hivyo bila kulalamika. Kisha wasichana wangu wakamwona, wakamzunguka, wakaanza kumshika zile raba.

Siku mbili baadaye ilijulikana kwamba tutacheza nao fainali. Fainali! Shule yetu haikuwahi kuifikia hata kwa ndoto. Mkuu wa shule alinipigia simu kutoka Kondoa.

"Soma kanuni, mwalimu. Mchezaji aliyehama lazima awe ameandikishwa kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Sisi tumemtoa lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Basi andika rufaa."

Kanuni ile niliijua. Iliwekwa kwa ajili ya watu kama wao, wanaozunguka vijijini na basi kuokota watoto wa wenzao kama matunda yaliyodondoka. Nilimwambia nitafikiri. Nilipotoka nje wasichana walikuwa wamekaa kibarazani, na nahodha akaniuliza, "Madamu, ni haki kweli? Tucheze na mfungaji wetu wenyewe?"

Hilo swali ndilo lililonimaliza. Niliandika rufaa ile mchana, ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri. Nilijiambia naandika dhidi ya shule. Jina lake lilikuwa mstari wa pili, na sikwenda kumwambia. Kutoka mlango wetu hadi mlango wao palikuwa na hatua kama sitini. Sikwenda.

Kamati ilikaa saa kumi, katika ofisi ya walimu ya shule iliyotupokea. Walikuwa watu watano nyuma ya meza mbili zilizounganishwa. Mwalimu wa shule ya binafsi alisema mchezaji wake aliripoti shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, akatoa daftari la mahudhurio, na kweli jina lilikuwemo, limewekewa alama ya vema tangu wiki ya kwanza, kila siku yupo. Mwenyekiti akasema, "Aitwe mwenyewe."

Alipoingia aliniona mimi kwanza, akataka kuniamkia, kisha akaona karatasi mezani.

"Binti, ulianza lini shule yako ya sasa?"

Alimtazama mwalimu wake. Yule alikuwa anatazama dirishani.

"Mwezi wa kwanza," akasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti akanigeukia. Mpaka leo najiuliza kama ningeweza kusema nimekosea, niondoke. Faili lilikuwa magotini pangu. Nilitoa ile nakala, nikaiweka mezani, muhuri juu, tarehe kwa mwandiko wangu. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mmoja wa wajumbe, mama mtu mzima, akamwambia binti kwa sauti ya huzuni, "Umri huu, mwanangu, na unadanganya wakubwa hivi?"

Hakulia. Alisimama tu, mikono nyuma, kama anavyosimama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Nilitaka aniangalie na niliogopa aniangalie. Alipoambiwa atoke, aliomba ruhusa kwanza, kama tulivyomfundisha.

Uamuzi ulibandikwa ubaoni kesho yake: mchezaji ameondolewa kwenye mashindano kwa udanganyifu, shule imepewa onyo. Ndiyo, onyo. Daftari lile la mahudhurio hakuna aliyeuliza nani aliliandika.

Fainali tukafungwa. Waliweka mfungaji mwingine, msichana kutoka Singida, waliyempata mwaka wa juzi kwa njia zile zile ila tarehe zake zilikuwa safi. Mabao hayakukaribiana hata kidogo. Wasichana wangu walikimbia mpaka mmoja akatapika kando ya mstari, na wale wakawa wanabadilishana kwa zamu kama watu wanaopokezana jembe. Nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba hata kama yule binti angecheza, au asingecheza, matokeo yalikuwa yameshaandikwa siku nyingi, kwenye mayai na magodoro na miaka ya mazoezi juu ya sakafu ya saruji. Nilikuwa nimemtoa kafara bure.

Wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, alishuka kwenye basi la Kondoa na sanduku lake la bati. Nyumbani kwao waliambiwa tu kwamba ufadhili ulikuwa wa wachezaji wenye nidhamu. Baba yake alinijia shuleni siku hiyo hiyo. Hakunisalimia kwa ubaya, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Alikaa kiti kile kile.

"Mwalimu, uliniambia mpeleke, nikampeleka. Sasa wanasema ni wewe uliyemtoa. Mimi nimeshindwa kuelewa, ndiyo maana nimekuja uniambie."

Nikamweleza kanuni. Nilimweleza vizuri, kama ninavyoeleza mvua na upepo darasani. Alisubiri nimalize, akauliza, "Hiyo kanuni inamlinda nani?" Nikasema inazilinda shule kama yetu. Akatikisa kichwa taratibu. "Na mtoto?"

Nilijaribu kumrudisha. Mkuu wa shule akasema nafasi ilishajazwa, na kwamba aliyetoka serikalini kwenda binafsi, kumrudisha ni utaratibu mwingine kabisa. Inatakiwa barua kutoka shule aliyotoka. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilikwenda Dodoma mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi aliniambia mkuu yuko kikaoni. Mara ya pili nilipewa barua, na nilipoifungua ndani ya basi nikakuta imetaja "utovu wa nidhamu." Barua ya namna hiyo ilikuwa mbaya kuliko kukosa barua. Ofisi moja ikanituma nyingine, nyingine ikanirudisha ya kwanza.

Miezi hiyo yote alikaa darasani kwetu bila kuwa kwenye rejista. Mwalimu wa hesabu alimsahihishia madaftari. Jioni tukifanya mazoezi alipita pembeni ya uwanja bila kugeuka, na wasichana nao hawakumwita. Sijui ni aibu au walikuwa na hasira na mimi. Ulipofika wakati wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne, jina lake halikupokelewa. Siku iliyofuata hakuja. Nilimtuma nahodha nyumbani kwao, akarudi na jibu kwamba amekwenda Dodoma kwa shangazi.

Mimi nikapandishwa cheo. Watu walisema nimetetea shule za serikali, nina msimamo, na mwaka huu nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya rufaa ya mashindano ya mkoa. Nilikubali. Nilijiambia nitaweza kubadilisha kitu.

Siku ya kikao cha kwanza nilifika Dodoma mapema, nikapitia Msalato kumtafuta yule binti. Shangazi yake anapika chakula kwa ajili ya mafundi wa ujenzi, kibanda cha mabati pembeni ya barabara. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anasukuma chapati, mikono ile ile mirefu, unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, madamu," akasema, akanifutia benchi.

Aliniletea chai. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Kondoa, nikayasema vibaya. Nikasema naomba anisamehe. Nikasema kuna mitihani ya watahiniwa wa kujitegemea, naweza kumsaidia kujiandikisha. Akanisikiliza huku anageuza chapati.

"Nimekuwa nikifikiria kitu kimoja tu, madamu," akasema. "Ungekuja kuniambia kabla. Wewe unanijua. Ningewaambia naumwa. Nisingecheza, na nyinyi msingeandika kitu."

Sikuwahi kulifikiria hilo, hata mara moja, na lilikuwa jepesi hivyo.

"Kuhusu mtihani nitamuuliza shangazi," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni aondoke kwa amani. Mafundi wawili waliingia wakiagiza maharage, akaenda kuwahudumia.

Saa nane nilikuwa kikaoni. Rufaa ya kwanza ilihusu msichana wa kidato cha tatu, mrusha tufe, na mwenyekiti akasema aitwe mwenyewe. Niliinua mkono, nikaomba watoto wasiingizwe katika chumba kile, tuwaulize walimu na nyaraka. Mwenyekiti hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Sasa ukweli tutaupata kwa nani, mwalimu? Nyaraka si zinaandikwa na hao hao?" Wenzangu wakaafiki. Mlango ukafunguliwa, msichana akaingia, akatuamkia wote kwa pamoja, akasimama mikono nyuma.